Kurudisha samaki wa mkia mwekundu kwenye kidimbwi cha bondeni: mwongozo kamili kwa shehia za Unguja

Kosa ni lile lile. Kaskazi inaingia, kidimbwi cha bondeni kinakauka mpaka tope linapasuka, watu wanaona huruma. Wanakusanyika na majembe na kukichimba kiwe kirefu ili maji yasiishe tena. Tope la chini wanalitoa lote kwa sababu linanuka, kisha wanamwaga ndoo mbili za perege ili "kipate uhai". Mwaka wa pili maji yapo, perege wapo, na samaki aliyekusudiwa kuokolewa hayupo.

Samaki huyo ni yule mdogo wa vidimbwi, hazidi sana urefu wa kidole. Dume ana mwili wa buluu-kijani na mkia mwekundu uliotiwa wanja mweusi ukingoni. Jike ni mdogo zaidi, rangi ya tope, hana mapambo. Wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri. Porini anaishi kisiwa cha Unguja tu, kwa hiyo akitoweka katika mabonde yetu hakuna pa kumwagiza. Wasomaji wa Pemba, hatua za 2, 4, 5 na 6 zitawafaa kwa vijito vyenu, lakini msimvushe bahari samaki huyu. Si wa huko.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika jembe: dimbwi lake lazima likauke. Mvua ikijaza, mayai yaliyolala ndani ya tope yanaanguliwa. Watoto wanakua haraka, na ndani ya wiki chache majike wanataga, yai moja moja, ndani ya tope lile lile. Maji yakiisha wakubwa wote wanakufa. Mayai yanabaki, yanapata hewa kupitia nyufa za tope, yanangoja mvua nyingine. Perege hana ujanja huo, akikaukiwa amekwisha. Kwa hiyo ukame unaotutia huruma ndio unaomlinda mdogo asiliwe na mkubwa. Kazi yote iliyo hapa chini ni kutunza tope, na maji yatakuja yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mabuti marefu ya mpira na glavu za mpira kwa kila atakayeingia majini. Hili si la hiari, sababu iko hatua ya 3.
- Majembe 2, pauro 2, panga 1, na gogo fupi zito la kushindilia udongo.
- Vigingi 20 hivi vya mvinje, urefu wa mkono mmoja na nusu. Msikate mikoko kwa kazi hii.
- Magogo 2 au 3 ya mnazi ulioanguka.
- Viroba vitupu vya mchele au unga. Vya mbolea visitumike hata vikioshwa.
- Makuti, makumbi na kamba ya usumba.
- Mawe ya kujaza karai 10 au 15.
- Kung'uto pana, au wavu mweupe wenye matundu madogo.
- Ndoo 3 za rangi nyeupe na chupa angavu ya mdomo mpana.
- Mti wa kupimia, uliotiwa alama kila sm 10.
- Daftari.

Chandarua cha mbu kilichotiwa dawa kisiguse maji. Dawa ile ni sumu kali kwa samaki, na dimbwi la maji ya magotini halina pa kuizimulia. Chokaa na mbolea, ambavyo miongozo ya ufugaji wa samaki inavitaka, hapa havina kazi.

## Hatua ya 1: Panga wakati, kisha zungumza na wenye bonde

Kazi ya udongo ifanyike kaskazi, kati ya Januari na mwishoni mwa Februari, ardhi ikiwa kavu na masika bado. Ukichelewa mpaka Machi unaweza kukutwa na mvua tuta halijashikana, na maji yakalichukua lote pamoja na tope lenye mayai.

Anzia kwa sheha, lakini usiishie kwake. Ardhi ni ya Serikali, kweli, ila anayelima mpunga pale ndiye atakayeamua kama tuta lako litafika masika. Mtafute kila anayelima juu na chini ya dimbwi, mwende naye mpaka mahali penyewe, mwonyeshe kwa mti wa kupimia maji yatafika wapi. Swali lake litakuwa moja: "Shekhe, maji haya hayatanizamishia mpunga?" Umjibu kwa kigingi, siyo kwa maneno. Kipigeni pamoja kwenye mpaka ambao maji hayatauvuka, na mlango wa maji wa hatua ya 5 ujengwe kwa kufuata kigingi hicho.

Kama kazi inagusa mto wenyewe, au mtaro wa mradi wa umwagiliaji, pitieni kwa maafisa wa kilimo wa wilaya na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, kabla ya kuchimba.

Mmefanikiwa ikiwa: kila mkulima anaweza kukionyesha kigingi chake bila wewe kuwepo.

## Hatua ya 2: Tafuta kinamo

Dimbwi la samaki huyu haliwekwi popote. Mayai yanahitaji udongo mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ule tunaouita kinamo, wa mabonde ya mpunga. Kwenye kichanga maji hayakai. Kwenye maweni ya mashariki, kuanzia Paje kushuka Makunduchi, mvua inazama kabla hujakunja suruali, na huko hakuna haja ya kujaribu.

Waulize wazee, hasa akinamama waliolima mpunga bonde lile tangu udogo wao, ni wapi maji yalikuwa yakituama baada ya masika na ni wapi watoto walikuwa wakichota samaki kwa kung'uto. Majibu yao yatakuokolea siku nzima ya kutembea. Ukifika, angalia nyufa za ardhi na mashina ya ndago. Ndago inapenda mahali panapolowa na kukauka kwa zamu.

Kisha pima kwa mkono. Chukua donge la ukubwa wa limau, lilowanishe, lisokote liwe uzi mnene kama kidole cha mwisho, ulikunje pete. Pete isiyopasuka ni kinamo kizuri. Pete inayovunjika ina mchanga mwingi.

Mwisho, nje ya dimbwi kwa hatua tano au sita, chimba shimo la shubiri 2, lijaze maji jioni ulowanishe kuta zake, asubuhi ulijaze tena na kuweka alama. Kesho yake sehemu kubwa ya maji iwe bado ipo. Shimo hili lisichimbwe ndani ya dimbwi lenyewe. Unaweza kutoboa kinamo ukakuta kichanga chini yake, na dimbwi likavuja kupitia tundu lako miaka yote.

## Hatua ya 3: Jua kama samaki bado wapo

Watu wanairuka hatua hii, na ndipo wanapoharibu. Dimbwi linaloonekana limekufa mara nyingi lina mayai, na anayekimbilia kuleta samaki wapya anachanganya koo bila sababu.

Njia ya kuaminika ni kungoja mvua. Masika yakishatulia na maji yamekaa wiki nne au tano, ingia ukingoni na kung'uto, chota polepole chini ya majani mahali tofauti mara kumi. Uliyempata mtie kwenye chupa angavu yenye maji ya dimbwi, mtazame kwa ubavu, mrudishe. Mkia mwekundu ana mkia wa mviringo, na pezi la mgongoni limekaa nyuma, karibu kabisa na mkia, likilingana na pezi la chini. Mtoto wa perege pezi lake la mgongo ni refu, linaanzia karibu na kichwa, na lina miba inayochoma kidole. Mkichota majike matupu yasiyo na rangi msikate tamaa, madume wako karibu.

Kuna wanaochukua tope kavu na kulimwagia maji nyumbani waone kama kutaanguliwa kitu. Linawezekana, lakini si wakati wa kaskazi. Vitoto vikianguliwa Januari utavipeleka wapi? Mkitaka kufanya hivyo, ngojeni siku ambayo dimbwi lenyewe limeanza kupokea mvua. Chukueni konzi chache kutoka pande tofauti, na kila kilichoanguliwa kirudi dimbwini siku ile ile au ya pili.

Tahadhari ya kichocho. Vijito na madimbwi ya Unguja na Pemba yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea vinaingia kwa kupenya ngozi, hata kama huna jeraha. Hakuna kuingia bila mabuti, na watoto wasifanywe wachotaji hata wakiomba. Anayekojoa damu aende kituo cha afya. Dawa yake ipo na inatibu.

Hapa kuna jambo gumu. Dawa inayotumika kuua konokono wa kichocho, niklosamidi, inaua na samaki. Sishauri mtu yeyote abishane na watu wa afya kwa ajili ya samaki wakati watoto wa shehia wanaoga mtoni. Mnachoweza kufanya ni kuwapelekea orodha ya vidimbwi vya samaki, kuonyesha vipi vinakauka na vipi havina njia ya watu, ili wapange wao pa kupulizia. Kidimbwi kisichoogewa wala kufuliwa hakina sababu kubwa ya kuwekewa dawa, na hiyo ni hoja nyingine ya kukitenga na njia ya kufulia.

## Hatua ya 4: Safisha bila kuondoa tope

Okoteni chupa, mifuko, nepi, viroba vilivyooza. Kwa mkono, kimoja kimoja. Msipitishe pauro chini ya dimbwi. Mayai yako sentimita chache za juu, ni madogo kama chembe ya mchanga, na pauro moja linaweza kutoa mamia bila mtu kujua.

Kama dimbwi limefukiwa na mchanga ulioletwa na mafuriko, hapo pana kazi kweli. Ng'oeni mchanga mpaka mguse rangi nyeusi ya kinamo, msimame hapo. Kina kitakachopatikana ndicho. Mkilazimika kugusa tope lenyewe, kwa mfano kutengeneza mteremko, bandueni tabaka la juu la unene wa vidole vinne, mliweke kivulini bila kuligeuza wala kulifunika kwa plastiki, na mlirudishe juu kazi ikiisha siku hiyo hiyo.

Dimbwi zuri linafanana na sinia: pana, kimo cha magotini katikati, kingo zinazopanda taratibu. Kingo za kusimama kama kisima zinawanyima watoto wa samaki mahali pa maji mafupi yenye joto na wadudu.

Mmefanikiwa ikiwa: baada ya kazi, chini ya dimbwi bado kuna tope jeusi lenye nyufa, na mgeni akipita anasema hamjafanya kitu.

## Hatua ya 5: Punguza kasi ya mtaro unaolikausha

Vidimbwi vingi vimekufa kwa mtaro. Mtu alichimba njia ya kutoa maji shambani, mvua zikaiongezea kina mwaka baada ya mwaka, sasa dimbwi linakaa na maji siku kumi tu. Siku kumi hazimtoshi samaki kukua na kutaga. Lengo ninalolitumia mimi ni maji ya wiki 8 mpaka 10 mfululizo wakati wa masika, kisha ukame kamili usiopungua mwezi.

Msizibe mtaro. Wekeni tuta dogo lenye mlango:

1. Chagueni mahali mtaro ni mwembamba na pembeni pana kinamo.
2. Chimbeni mfereji wa shubiri moja kwenda chini, kukata mtaro na kuingia kila ukingo kwa mkono mmoja. Tuta lililokalishwa juu tu, maji yanapita chini yake.
3. Pigeni vigingi safu mbili, lazeni gogo la mnazi katikati, lifungeni kwa usumba.
4. Jazeni kinamo kibichi kidogo kidogo, unene wa vidole vinne kwa mara moja, na kila tabaka lishindiliwe kwa gogo kabla ya jingine. Hapa ndipo uvivu unapojulikana.
5. Kimo kisizidi magoti. Upana wa chini uwe mara 3 ya kimo. Mkihitaji zaidi ya hapo mwiteni fundi wa umwagiliaji.
6. Acheni mlango wa maji upande wenye ardhi ngumu, shubiri moja chini ya kichwa cha tuta, kwa kiwango cha kigingi cha hatua ya 1. Upangeni mawe chini yake na mbele yake ili maji yanayodondoka yasichimbe.
7. Upande wa maji uegesheeni viroba vilivyojazwa udongo. Upande wa nyuma pandeni nyasi, siyo miti. Mizizi ya mti inatoboa tuta.

Mafuriko makubwa yataunganisha dimbwi na mto kwa siku mbili tatu na kuleta perege wachache. Acheni. Kiangazi kitawashughulikia. Kisichofaa ni kuchimba njia ya kudumu kati ya dimbwi na mto.

Ishara mbaya: maji bado yapo mwisho wa Februari. Mlango uko juu mno, uteremsheni. Mkipuuza mwaka mmoja, wa pili mtakuta kambare.

## Hatua ya 6: Shughulikia juu ya dimbwi

Mchanga mlioutoa hatua ya 4 ulitoka mahali fulani. Pandeni kilima mkautafute: njia ya ng'ombe, barabara ya udongo, au mara nyingi shimo la wachimba mchanga. La mwisho ni la kupeleka kwa sheha, halitatuliwi kwa makuti. Kwa korongo dogo, lazeni mafungu ya makuti na makumbi kukata mkondo kila hatua nne au tano, myashikilie kwa vigingi. Mvua moja tu mtaona mchanga umekaa nyuma yake.

Ukingoni acheni ukanda wa ndago na nyasi wa hatua tatu usiolimwa. Majimbi yanaweza kubaki. Msipande mivinje wala mikaratusi, na msitie kivuli kila upande, dimbwi linataka jua. Ng'ombe wanywe upande mmoja. Kukanyaga kidogo hakudhuru, kufungwa pale kutwa kunadhuru.

Dawa za magugu na wadudu ndizo zinazoua kimya. Kuwaambia wakulima "msipulizie" ni kupoteza wakati, mpunga ni chakula chao. Ombeni mambo matatu wanayoyaweza: bomba lisioshewe mtaroni, hatua kumi za mwisho kuelekea dimbwi wapalilie kwa mkono, na siku ya mawingu ya mvua wasipulizie, jambo ambalo lina faida kwao pia kwa sababu dawa yao haitaoshwa.

Atakayelalamika juu ya mbu anastahili jibu la kweli. Samaki hawa wanakula viluwiluwi vya mbu, lakini wiki za mwanzo wenyewe bado ni wadogo. Chandarua kitandani kiendelee.

## Hatua ya 7: Kuhamisha samaki, ikibidi tu

Fikirieni hatua hii baada ya masika mawili mazuri bila kuona hata mmoja. Siyo mayai yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine yanangoja mvua nyingine, hivyo vuli tupu haimaanishi kitu.

Ombeni ruhusa kwanza. Samaki watoke kidimbwi cha bonde hilo hilo, na hata huko chukueni pale tu wanapoonekana kila mnapochota. Jozi 15 zinatosha, majike wakizidi kidogo. Wa kununua, wa tangi la mapambo, hapana, hata wakiwa wazuri wa rangi: hamjui ukoo wao wala maradhi yao.

Hamisheni alfajiri, ndoo moja samaki wachache, yenye maji ya kule walikotoka na jani la kuwatia kivuli. Mkifika, iacheni ndoo ielee ndani ya dimbwi kwa robo saa, ongezeni kikombe cha maji mapya kila baada ya dakika chache, kisha iinamisheni watoke wenyewe. Fanyeni hivi dimbwi likiwa na wiki sita au zaidi za maji mbele yake, vinginevyo mmewapeleka kufa kabla ya kutaga.

## Hatua ya 8: Andika

Kila dimbwi liwe na ukurasa wake: siku lilipojaa, kimo cha maji kila Ijumaa, siku samaki wa kwanza alipoonekana, wangapi kwa michoto kumi, siku lilipokauka. Mtu mmoja ashike daftari, mwingine amrithi akisafiri.

Kurasa hizo ndizo zitakazowaambia cha kurekebisha. Samaki wameonekana lakini dimbwi limekauka wiki ya tano: pandisheni mlango vidole vitatu. Maji yamekaa wiki kumi, viluwiluwi vya mbu vimejaa, hakuna samaki: ulizeni nani alipulizia nini. Samaki wapo masika lakini vuli hawapo: angalieni kimo cha vuli, pengine mvua haikufikisha hata sm 10, basi msiguse kitu. Na mkikuta perege wakubwa mwezi wa Januari, fungueni mlango wote, vueni mle, dimbwi likauke kabla ya masika.